Sura ya Saba: Waliulizwa Chakula, Hawakuulizwa Usiku

Mgonjwa anayekula usiku akifika kliniki, kitu cha kwanza anachopandishwa ni mizani. Nesi anasoma kilo, anaziandika kwenye kadi, anamfunga mkanda wa presha, anamtoboa kidole kupima sukari. Vipimo vyote hivyo vinaeleza yaliyokwisha kutokea mwilini. Kinachotokea saa nane za usiku jikoni, taa ikiwa imezimwa na sufuria ya kiporo imefunuliwa, hakina kipimo pale mezani. Kinahitaji kuulizwa.

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi, maana foleni ni ndefu.

"Mama, chakula cha usiku unakula saa ngapi?"

"Saa mbili, daktari."

"Sasa jitahidi ule saa moja, na ukishakula usiguse kitu tena mpaka asubuhi. Na asubuhi usiache kunywa chai."

"Sawa, daktari."

Mazungumzo hayo nimeyatunga kwa ajili ya sura hii, lakini vipande vyake nimevitoa katika mambo ambayo wagonjwa wa aina hii wamekuwa wakiyaeleza kwa zaidi ya miaka 60. Mama huyu hakusema uongo hata neno moja. Ameulizwa chakula cha usiku, naye chakula cha usiku anakula saa mbili pamoja na watoto, tena pengine kidogo kuliko wao. Kile anachokula saa nane, amesimama, kwa mkono, bila sahani, hakina jina: kipande cha mkate, wali uliopoa, sukari iliyochotwa kwa kijiko. Chai ya asubuhi nayo, harufu yake tu inamchefua, na hamu ya kula haimjii mpaka adhuhuri. Ushauri aliopewa ni mzuri, ila ulimfaa mtu mwingine. Na kwa kuwa ameitikia "sawa, daktari", mwezi ujao kilo zitakapokuwa palepale, kadi yake itaandikwa kwamba hafuati masharti.

Daktari wa kwanza kuyaeleza maradhi haya kitabibu alikuwa Albert Stunkard, daktari wa magonjwa ya akili, mwaka 1955, akiwa New York na wenzake wawili. Alikuwa na wagonjwa wanene ambao kila mlo wa kupunguza uzito ulikuwa umewashinda. Stunkard alitazama saa. Aliona kwamba asubuhi watu hawa hawana hamu ya chakula kabisa, kwamba robo au zaidi ya chakula chao cha siku nzima wanakila baada ya mlo wa jioni, na kwamba usingizi wao ni wa shida. Aliona pia kwamba hali hiyo huzidi mtu anapokuwa katika dhiki ya maisha, na kwamba ukimlazimisha mtu wa namna hii apunguze uzito huku usiku wake haujaguswa, hafanikiwi.

Ungetegemea kwamba baada ya maelezo hayo madaktari wangeanza kuuliza. Hawakuanza. Makala ile ilikaa kwa miongo kadhaa ikisomwa na wachache, na wagonjwa waliendelea kupandishwa mizani. Wimbi jipya la uchunguzi lilianza kushika kasi miaka ya 1990. Mwaka 1999 Stunkard, ambaye kwa wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, alichapisha uchunguzi pamoja na wenzake wa Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norway ambako majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Wagonjwa waliamka kwa wastani wa mara 3.6 kwa usiku. Watu waliolinganishwa nao waliamka mara 0.3. Karibu nusu ya mara walizoamka, wagonjwa walikula, na kwa sehemu kubwa walikula vyakula vya wanga. Wale wengine, hata walipoamka, hakuna aliyekula.

Uchunguzi mwingine wa Philadelphia, uliotoka mwaka 2004, ndio ninaotamani kila ndugu wa mgonjwa ausikie. Ulionyesha kwamba wagonjwa hawa walilala na kuamka saa zilezile kama watu wengine, na kwamba jumla ya chakula walichokula kwa saa 24 haikuzidi kile cha wenzao. Kilichosogea ni saa ya kula. Mwili una saa ya usingizi na saa ya chakula, na kwa kawaida hutembea pamoja, ndiyo maana mtu mzima anaweza kukaa saa tisa au kumi bila kula na njaa isimwamshe. Kwa mgonjwa huyu saa ya usingizi iko mahali pake na saa ya chakula imebaki nyuma. Asubuhi tumbo lake ni kama liko usiku wa manane. Usiku wa manane tumbo lake ni kama liko kwenye mlo wa jioni.

Sasa linganisha na majina tunayompa. Mlafi. Mroho. Nyumbani kwetu kuna jina baya zaidi, mdokozi, kwa sababu chakula kinachopungua usiku ni chakula cha wote, na anayekichota gizani anafanana na mwizi. Mgonjwa mwenyewe ndiye wa kwanza kuliamini jina hilo. Wengi wanapoeleza historia yao wanasimulia makaratasi ya biskuti yaliyofichwa chini ya taka, sahani iliyooshwa kabla hakujakucha, funguo ya jikoni aliyokabidhiwa mume au dada ili aifiche. Wanasimulia pia kitu kinachowachanganya hata wao: mara nyingi si njaa inayowasukuma. Ni imani, iliyokomaa usiku baada ya usiku, kwamba bila kutia kitu tumboni usingizi hautarudi. Ukimwambia mtu huyu "jizuie", unamwambia alale macho mpaka alfajiri, kisha aende kazini.

Huko ndiko aibu inakomfikisha mgonjwa: anaacha kusema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo hurushwa haraka kwa wagonjwa wa namna hii. Mimi naona imerushwa upande usiostahili. Hakuna aliyemuuliza. Mtu hawezi kuficha jibu la swali ambalo halikuulizwa, na hali ambayo hata yeye hakujua kuwa ni maradhi hawezi kuipeleka hospitali kama maradhi.

Kuna kundi la pili, na hawa mateso yao ni ya namna yake. Mwaka 1991 Carlos Schenck na Mark Mahowald, wa kituo cha magonjwa ya usingizi mjini Minneapolis, walieleza kisa cha watu wazima 19 waliokuwa wakila usiku, wengi wao wakiwa wamelala nusu au wamelala kabisa. Mtu anainuka kitandani, anakwenda jikoni, anapika au anakula kibichi, anarudi kulala, na asubuhi hakumbuki lolote au anakumbuka kama ndoto iliyofifia. Katika visa vilivyoandikwa na madaktari wa Minneapolis wamo watu waliokula sigara zilizopakwa siagi, na mikate iliyojazwa chakula cha paka. Wengine hukata nyama kwa kisu gizani, wengine huwasha jiko na kuungua.

Mgonjwa wa kula usingizini akimweleza daktari habari yake, anakutana na ukuta mwingine kabisa. Wa kwanza tuliyemtaja alihukumiwa kuwa hana nidhamu, huyu hasadikiwi. Anaongezeka kilo na anaapa kwamba hali kupita kiasi, na anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Anaamka na makombo kitandani. Katika nyumba zetu zenye watu wengi jambo hili lina ubaya wake wa pekee, kwa sababu nyama ikipungua sufuriani mtu wa kwanza kutazamwa ni dada wa kazi, na wa pili ni watoto. Aliyekula anaweza kusimama asubuhi na kuuliza kwa hasira ya kweli nani amemaliza mboga, bila kujua kwamba ni yeye. Dada amefukuzwa, mtoto amechapwa, na usiku unaofuata sufuria inafunuliwa tena.

Ndiyo maana swali la pili ni la lazima kama la kwanza. Baada ya kuuliza "Usiku unaamka ukala?" daktari aulize "Asubuhi unakumbuka?" Jibu la swali hilo linatenganisha njia mbili za matibabu. Anayekumbuka kila kitu huenda ana maradhi ya kula usiku. Asiyekumbuka, au anayekumbuka vipande, apelekwe kwa mjuzi wa usingizi, na orodha ya dawa zake ipitiwe kabla ya kitu kingine chochote.

Orodha ya dawa naisisitiza kwa sababu hapa mara nyingine tiba yenyewe ndiyo iliyoleta maradhi. Zolpidemu, dawa ya usingizi inayotumika sana duniani, imehusishwa tena na tena na watu kuinuka usingizini wakapika na kula bila kujua. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji wa dawa za usingizi waweke onyo juu ya vitendo vya namna hiyo, na mwaka 2019 ikalazimisha onyo kali kabisa, lile linalozungushiwa kisanduku, kwa zolpidemu na dawa nyingine mbili za jamii yake. Tazama mzunguko anaoweza kuingizwa mtu: anakwenda kwa daktari akisema usiku haulaliki, haulizwi anafanya nini akiamka, anaandikiwa dawa ya usingizi, sasa anakula bila hata kukumbuka. Akirudi kulalamika kwamba ananenepa, anaambiwa apunguze wanga.

Wengine shida yao iko miguuni. Kuna hali ambayo jioni na usiku miguu hukosa utulivu, inawasha kwa ndani, inavuta, na nafuu hupatikana mtu akiinuka na kutembea. Anayeinuka usiku kwa ajili ya miguu hutembea kuelekea palipo na kitu cha kufanya, na mara nyingi ni jikoni. Kundi la Minneapolis limeandika juu ya uhusiano huo kwa kirefu. Hali hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma mwilini, na hutokea zaidi kwa wajawazito. Katika nchi ambazo upungufu wa damu unaonekana kila siku katika kliniki za wajawazito, swali la miguu halipaswi kusahaulika. Kipimo cha akiba ya chuma mwilini kinaweza kumfaa mgonjwa kuliko mwaka mzima wa kuambiwa afunge jiko mapema.

Tiba ipo, na kwa wengi inasaidia. Mwaka 2006 watafiti wa Philadelphia walichapisha jaribio la dawa iitwayo sertralini, ambayo kwa kawaida hutumika kutibu sonona. Wagonjwa walikuwa 34, nusu yao walipewa dawa na nusu kidonge kisicho na dawa, kwa wiki nane. Kati ya 17 waliopewa dawa, 12 walipata nafuu ya kweli. Kati ya 17 wengine, ni 3 tu. Watu 34 ni wachache, na nisingependa msomaji aifanye dawa hii kuwa kinga ya kila mlo wa usiku. Lakini tofauti ya 12 na 3 inatosha kumwambia mgonjwa kwamba tatizo lake linagusika kwa dawa, na kwamba halikuwa suala la moyo wake kukosa ushupavu.

Kisha ipo tiba ya mazungumzo, ambayo Kelly Allison na wenzake huko Pennsylvania wameiandalia utaratibu maalumu. Mgonjwa anaandika kila usiku: aliamka saa ngapi, alikuwa na wazo gani kichwani, alikula nini, njaa ilikuwa kiasi gani. Anaanza kurudisha chakula mchana, kidogokidogo, hata kama asubuhi ni vijiko vitatu vya uji. Anajifunza kulegeza misuli ya mwili mmoja mmoja anapoamka, na anaijaribu ile imani ya kale kwa vitendo: akae kitandani dakika kadhaa bila kula, aone kama kweli usingizi haurudi. Kazi ni ngumu, na wapo wanaoacha katikati. Wanaoshikilia wanasaidiwa na jambo ambalo halimo katika chupa yoyote, nalo ni kumpata mtu wa kumwonyesha daftari lao bila kuona haya.

Niseme neno juu ya siku ambayo mgonjwa anaambiwa kwamba maradhi yake yana jina. Wapo walioishi na hali hii miaka 10 na 20. Wametibiwa sonona peke yake, wametibiwa uzito peke yake, wametibiwa kukosa usingizi peke yake, kila chumba kikitibu kipande chake. Hata vitabu vya tiba vilichelewa: vigezo vya kuyatambua maradhi haya vilivyokubaliwa na wataalamu wengi vilichapishwa mwaka 2010, na mwongozo mkuu wa magonjwa ya akili wa Marekani ulipoyataja mwaka 2013 uliyaweka kwenye fungu la "mengineyo". Mgonjwa aliye kwenye fungu la mengineyo husukumwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo daktari anapomweleza, "Haya ni maradhi, yanajulikana, hauko peke yako," ameshaanza kumtibu kabla hajashika kalamu.

Huku kwetu kabla ya kufika kwenye jina hilo kuna mambo ya kuondoa njiani, na daktari wetu ana haki ya kuyafikiria kwanza. Mtu akisema "naamka usiku, nakula kidogo, ndipo nalala," wengi watawaza vidonda vya tumbo, na hawajakosea. Kidonda cha sehemu ya mwanzo ya utumbo humwamsha mtu kwa maumivu usiku, na chakula au maziwa humpoza. Swali linalotenganisha ni maumivu: huyu anakula ili tumbo litulie, yule anakula ili alale.

Jambo la pili ni la hatari zaidi. Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari usiku. Anaamka akitetemeka, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, na njaa kali imemshika. Huyu lazima ale, tena upesi. Kumwambia "usile usiku" bila kumuuliza anaamkaje ni kumweka karibu na kifo. Aulizwe jasho, aulizwe mtetemo, apimwe sukari wakati huohuo wa usiku kama kipimo kipo nyumbani, na dawa zake zirekebishwe. Kwa upande wa pili, mgonjwa wa sukari mwenye maradhi ya kula usiku huamka na sukari ya juu asubuhi, anaongezewa dawa, na dawa iliyoongezwa inaweza kumshusha usiku ambao kwa bahati hakula. Kadi moja, namba zilezile za asubuhi, na hadithi mbili zinazotaka matibabu tofauti kabisa.

Jambo la tatu ni desturi na kazi. Mlinzi wa zamu ya usiku anayekula saa saba za usiku si mgonjwa. Anayeamka kula daku mwezi wa Ramadhani si mgonjwa. Ule mwongozo wa 2013 wenyewe unasema kula kunakotokana na desturi ya jamii au kubadilika kwa saa za kulala hakuhesabiwi. Wala si mgonjwa kibarua ambaye mlo wake mkubwa ni ugali wa saa mbili usiku kwa kuwa mchana hakuwa na pesa. Robo inayozungumzwa na wataalamu ni ya kile kinacholiwa baada ya mlo huo. Ila Ramadhani ikiisha, na mtu akaendelea kuamka saa ya daku mwezi wa pili na wa tatu, akila asichokitaka na kulia asubuhi, hapo pana neno.

Basi wewe unayeamka, nakuomba jambo moja kabla ya siku yako ya kliniki. Chukua daftari la mtoto, na kwa siku saba andika saa uliyoamka, ulichokula, kama uliumwa, kama ulitoka jasho, kama miguu ilikusumbua, na kama asubuhi ulikumbuka. Usipokumbuka, mwombe unayelala naye aandike. Andika na dawa zote unazomeza, pamoja na zile ulizonunua duka la dawa bila cheti. Ukifika mbele ya daktari usingoje kuulizwa. Sema hivi: "Daktari, usiku naamka nakula, na siwezi kuacha." Mpe daftari.

Nawe daktari, nesi, mganga wa zahanati mwenye watu 60 nje ya mlango: maswali ni mawili, na hayamalizi dakika moja. Usiku unaamka ukala? Asubuhi unakumbuka? Yaulize kabla hujamwambia apande mizani.